Mazingira ya Nje ya Mradi: Kwa Nini Kamati Zetu Ziyachunguze Kabla ya Kupanga

Maandiko ya miradi yanayoletwa na sharika zetu kwa kawaida huanza vizuri. Yanaeleza kuwa usharika una kiwanja, kikundi cha akina mama kina watu wenye moyo wa kujitolea, na Baraza la Wazee limebariki wazo. Bajeti imepangwa, na mtunza hazina ametia sahihi. Yote hayo ni mambo ya lazima. Hata hivyo, ukiyasoma mpaka mwisho, mara nyingi utaona kuwa karibu kila kilichoandikwa kinahusu sisi wenyewe: tulicho nacho na tunachotaka kufanya. Yaliyo nje ya uzio wa usharika hupewa sentensi moja, kwamba "soko lipo".

Sentensi hiyo ndiyo inayoangusha miradi. Mradi unaweza kuendeshwa kwa uaminifu, hesabu zikawa safi na watu wakafanya kazi kwa bidii, lakini ukafa kwa sababu ya jambo ambalo hakuna mtu hata mmoja usharikani aliyeliamua. Fedha inayopotea hapo ni sadaka ya mavuno, ni mbuzi na mikungu ya ndizi iliyonadiwa baada ya ibada, na ni mchango wa mstaafu wa ng'ambo aliyetuamini bila kutuona. Makala hii inaeleza namna ya kuchunguza mazingira ya nje, somo ambalo makampuni hulitumia katika mipango mkakati, na jinsi linavyoweza kutumiwa na kamati ya usharika wowote.

MAANA YA MAZINGIRA YA NJE

Mazingira ya ndani ni yale tunayoweza kuyabadilisha kwa uamuzi wetu: watumishi, fedha, majengo, utaratibu wa kazi. Mazingira ya nje ni yale yanayotugusa lakini hatuwezi kuyaamuru. Hatuwezi kuiamuru mvua, wala bei ya dizeli, wala Bunge. Tunachoweza ni kuyatambua mapema na kujipanga.

Somo hili si geni. Mwaka 1967 msomi wa Marekani, Francis Aguilar, alitoa kitabu kuhusu namna viongozi wa makampuni wanavyokusanya habari za nje, akizigawa katika maeneo ya uchumi, teknolojia, siasa na jamii. Baadaye wengine waliongeza sheria na mazingira ya asili. Mwaka 1979 Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza nguvu tano zinazoamua kama biashara ya aina fulani itaacha faida au la. Maeneo hayo sita hutusaidia kutazama mbali, na nguvu tano hutusaidia kutazama karibu.

FUNDISHO LA KAHAWA YA KILIMANJARO

Mfano ulio wazi zaidi kwetu ni kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujipanga mapema: chama chao cha kwanza kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukasajiliwa ushirika wa KNCU. Kahawa ilisomesha watoto, ikajenga nyumba na makanisa. Lakini bei yake haikuamuliwa mlimani. Tangu miaka ya 1960 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mkataba wa kimataifa, na kwa miaka mingi mkataba huo uliweka mgawo wa kiasi ambacho kila nchi ingeuza. Mgawo huo ulizuia kahawa kufurika sokoni.

Julai 1989 mgawo ulisimamishwa kwa sababu nchi wanachama hazikukubaliana. Bei ikaporomoka. Mkulima wa Machame au Marangu hakuwa amepunguza palizi wala kuacha kupulizia dawa; kilichobadilika kilikuwa mbali naye.

Badiliko la pili lilikuwa la kisheria. Mwaka 1993 sheria za bodi za mazao zilirekebishwa, na msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Walikuja na fedha taslimu mkononi, wakati vyama vya ushirika vilizoea kulipa kwa awamu. Mwaka huo huo wa 1994 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, bei ikapanda, na ushindani wa kununua ukawa mkali. Vyama vilivyokuwa na madeni na gharama kubwa vikayumba. Zingatieni kwamba kati ya kurekebishwa kwa sheria na kuingia kwa wanunuzi kulikuwa na muda. Aliyesoma alama alipata nafasi ya kujiandaa.

Badiliko la tatu lilitoka Asia. Vietnam ilipanda kahawa kwa wingi katika miaka ya 1990, ikawa nchi ya pili duniani kwa uzalishaji baada ya Brazili. Mwaka 1997 wastani wa bei ya dunia ulizidi dola 1.30 kwa ratili. Mwaka 2001 ulikuwa chini ya senti 50. Baadhi ya wakulima waling'oa mibuni wakapanda mboga, au wakageukia migomba na ng'ombe wa maziwa.

Lakini mazingira ya nje hayaleti hasara tu. Mwaka huo huo wa 2001 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo, ambayo imesambaza miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ladha ya Kilimanjaro ina jina Japani. Mwanzoni mwa 2025, kutokana na ukame uliozipata Brazili na Vietnam, bei ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili. Aidha, mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayodai uthibitisho kwamba kahawa haikutoka katika shamba lililokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kikundi chenye kumbukumbu za mashamba ya wanachama wake kitakuwa mahali pazuri kuliko kisicho nazo.

MAENEO SITA YA KUTAZAMA MBALI

1. Siasa na sera. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, na shule za kata zikajengwa kila upande. Januari 2016 ada ikaondolewa katika shule za serikali kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafuata kidato cha tano na sita. Ni jambo jema kwa watoto wa maskini, nasi tulilipokea kwa furaha. Lakini kwa shule ya kanisa maana yake ni kwamba mzazi haji tena kwa kukosa nafasi kwingine. Anakuja kwa sababu ya malezi, taaluma au bweni salama, na shule isiyotoa hayo haitajaza madarasa.

2. Uchumi. Hapa tazameni bei za pembejeo, riba za mikopo, thamani ya shilingi na kodi. Bajeti ya Serikali husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Kikundi kinachokamua alizeti kinapaswa kufuatilia ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, kwa kuwa ukishuka, mafuta hayo hushindana na ya kwetu hapo hapo dukani.

3. Jamii. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Wengi ni watoto na vijana, na wengi wanahamia mijini. Ni nani atakayelima shamba la usharika baada ya miaka kumi?

4. Teknolojia. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, watu wamezoea kulipa kwa simu. Mradi unaodai fedha taslimu pekee unajipunguzia wateja.

5. Mazingira ya asili. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, masika na mvua za msimu. Ni wajibu wa kamati kuusoma kabla ya kununua mbegu, si baada ya ukame.

6. Sheria. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Aliyekuwa na shehena ya mifuko alipata hasara. Aliyejua kushona vikapu na mifuko mbadala alipata wateja. Mwaka huo huo usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, na vikundi vya kusindika vyakula vilihitaji kujua mlango mpya wa kubisha.

NGUVU TANO ZA KUTAZAMA KARIBU

Tuseme akina mama wa usharika wanataka kununua mashine ya kusaga na kukoboa mahindi. Waulize maswali matano:

Washindani: mashine ngapi tayari zipo kwa umbali wa kutembea na debe kichwani? Zinatoza kiasi gani, na zinasimama saa ngapi kwa siku kwa kukosa kazi?

Wanaoweza kuingia: ikiwa sisi tunaweza kununua mashine kwa harambee moja, jirani naye anaweza. Tuna nini ambacho hatakiiga kwa wiki moja?

Vitu mbadala: je, watu wameanza kununua unga wa viwandani ulio kwenye mifuko badala ya kusaga wenyewe? Huyo ni mshindani asiye na mashine kijijini.

Watoa huduma: umeme ukikatika, au bei ya dizeli ikipanda, tunaye mwingine wa kumtegemea? Vipuri na fundi vinapatikana wapi?

Wateja: wana uwezo kiasi gani wa kutudai bei ndogo? Mama mwenye debe moja hana nguvu, lakini shule inayosaga magunia thelathini kwa mwezi inaweza kutaka punguzo na kutishia kuhama.

Majibu ya maswali haya hayapatikani ofisini. Hupatikana kwa kukaa kwenye benchi la mashine iliyopo siku ya gulio na kuhesabu madebe kuanzia asubuhi hadi jioni.

WABIA WETU NAO NI SEHEMU YA MAZINGIRA

Jambo hili tunalisema kwa heshima kwa wafadhili wanaosoma jarida hili, maana wao wanalijua kuliko sisi. Kanisa la Uswidi lilitengana na dola mwaka 2000, na idadi ya washirika wake imeendelea kupungua. Ujerumani, ambako mapato ya kanisa hutegemea kodi ya washirika, makanisa ya kiprotestanti yalikuwa na washirika wapatao milioni 19.2 mwishoni mwa 2022 na milioni 18.6 mwishoni mwa 2023. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID likakoma kuendesha programu zake. Programu za afya katika nchi nyingi, zikiwemo zile zinazopitia hospitali za makanisa, ziliguswa.

Kwa mantiki hiyo, usharika unaoandika kwamba "mfadhili ataendelea" haujachambua mazingira. Na mfadhili asiyetueleza mapema hali ya kwake anatunyima taarifa tunayoihitaji kuliko fedha. Ubia wa kweli ni kuambiana mabadiliko yanayokuja wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

HATUA ZA KUFUATA

1. Teueni watu watano au sita, wasiwe wazee wa kanisa peke yao. Mchukueni mfanyabiashara, mwalimu, kijana, mama wa sokoni, na afisa ugani kama yupo.

2. Gawaneni maeneo sita, kila mmoja alete mambo mawili au matatu yanayobadilika, akitaja alikoyapata. Uvumi uandikwe kuwa uvumi.

3. Kwa kila jambo jiulizeni: lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litatuathiri kiasi gani? Toeni alama 1 hadi 3 kwa kila swali, kisha zidisheni. Yenye alama 6 au 9 ndiyo ya kushughulikia. Mengine yawekwe kando.

4. Kwa kila jambo lililobaki, andikeni ni fursa au ni tishio, na hatua moja mtakayochukua. Hatua inaweza kuwa kusubiri, kupunguza ukubwa wa mradi, au kuuacha kabisa.

5. Wekeni alama ya kufuatilia. Kwa mfano: "Bei ya dizeli ikizidi kiasi hiki, kamati ikutane ndani ya siku saba."

6. Rudieni zoezi kila mwaka, miezi miwili kabla ya bajeti ya usharika.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kujaza jedwali ili kumpendeza mfadhili, kisha kulifungia kabatini. La pili ni kuogopa. Katika Hesabu 13 Musa alituma wapelelezi kumi na wawili, akawaagiza watazame ardhi, watu, miji, miti na rutuba. Wote waliona nchi ile ile na kuleta zabibu zile zile. Kumi walirudi na taarifa iliyovunja watu moyo. Kalebu na Yoshua waliona ugumu ule ule, lakini wakautafakari kwa imani. Uchambuzi hautuamulii. Unatuwekea mezani mambo yanayotupasa kuyaamua tukiwa macho wazi.

Tunazishauri kamati zote zinazoandaa miradi ya mwaka ujao ziambatanishe ukurasa mmoja wa uchambuzi wa mazingira ya nje. Ukurasa huo ukionyesha kuwa wazo lililopendwa halifai kwa sasa, uleteni vivyo hivyo. Fedha iliyookolewa kabla ya kutumika nayo ni matunda ya uwakili mwema.