Njia Nyepesi ya Mombasa Haipimwi kwa Kilomita

Mzazi anayetafuta njia ya kutembea na watoto huanza na maswali mawili: ni mbali kiasi gani, na je, kuna mlima? Kwenye miteremko ya Lushoto au Limuru maswali hayo yanatosha. Mombasa hayatoshi. Kisiwani, Nyali na Bamburi ardhi karibu yote ni tambarare, na matembezi ya familia ni nadra kuzidi kilomita 2 au 3. Kwa vipimo hivyo viwili kila njia ya mji huu ingeitwa nyepesi. Lakini mtoto yuleyule anayemaliza kilomita 3 akicheka huweza kushindwa na nusu ya umbali huo mahali pengine, siku hiyohiyo. Kinachotofautisha njia hizo ni joto ambalo mwili unalipokea njiani, na sehemu kubwa ya joto hilo haitoki hewani. Inatoka kwenye jua na kwenye ardhi iliyoota jua. Kwa hiyo, katika mji wa pwani yenye joto, njia ya familia ipimwe kwanza kwa kivuli na kwa saa. Umbali ufuate baadaye.

Tuanze na mwili wenyewe. Februari na Machi, upepo wa kaskazi unapofifia, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33. Ngozi ya mtu anayetembea kwenye joto huwa karibu nyuzi 35. Tofauti hiyo ni ndogo mno, hivyo mwili hauwezi kumwaga joto jingi kwenye hewa inayouzunguka, na tegemeo linabaki jasho. Lita moja ya jasho linalokauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400. Jasho linalodondoka chini kabla ya kukauka haliondoi chochote cha maana, na hewa ya pwani iliyoshiba mvuke hulichelewesha kukauka. Hilo wakazi wa Mombasa wanalijua kwa shati linaloganda mgongoni. Lisilojulikana sana ni uzito wa mionzi. Katika miaka ya 1950, baada ya askari wanamaji wa Marekani wengi kuzidiwa na joto mazoezini, ilibuniwa njia ya kupima hatari kwa vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji, kingine kimo ndani ya tufe jeusi linaloachwa juani, na cha tatu hupima hewa kivulini. Cha kwanza hupewa uzito wa asilimia 70, cha tufe asilimia 20, cha hewa asilimia 10 tu. Yaani nambari tunayotangaziwa kwenye taarifa ya hali ya hewa ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaosema kivuli ni faraja ya macho tu kwa kuwa kipimajoto chini ya mti hushuka nyuzi 1 au 2. Kwa hewa, wanasema kweli. Upepo huchanganya hewa ya kivulini na ya juani, ndiyo maana hazipishani sana. Ila mti haufanyi kazi yake kubwa kwenye hewa; unazuia mionzi isimfikie mtu, na unaizuia isiipashe moto ardhi anayoikanyaga. Lami iliyo wazi mchana wa jua kali huweza kupita nyuzi 60, nayo huurudisha moto huo juu, miguuni na usoni. Ariane Middel na wenzake wa chuo kikuu cha jimbo la Arizona huvuta mtaani kigari chenye vihisi vya mionzi, walichokipa jina MaRTy, na vipimo vyao vinaonyesha kivuli kikipunguza mzigo wa mionzi kwa makumi ya nyuzi mahali ambapo joto la hewa limebadilika kidogo tu. Arizona ni jangwa kavu, na mvuke na mawingu ya pwani hutawanya mwanga kiasi cha kuufikisha hata kivulini, kwa hiyo nambari zao hazihamishiki hivihivi hadi Kenya. Kanuni yenyewe inahamishika.

Kwa mtoto haya yana uzito zaidi. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kila kilo, hivyo hulipokea haraka joto linalotoka nje, la jua likiwamo. Kichwa chake kiko karibu zaidi na lami, na kila hatua humgharimu nguvu nyingi kuliko mtu mzima kwa kadiri ya uzito wake. Zamani ilihitimishwa kwamba watoto hawana uwezo wa kuhimili joto. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilisahihisha msimamo huo: mtoto mwenye afya, anayekunywa maji na kupumzika ipasavyo, si dhaifu kuliko mtu mzima kama ilivyodhaniwa; hatari hutokana zaidi na jinsi shughuli inavyopangwa. Naliona hili kuwa jambo jema, maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kumfungia ndani kwa hofu ya jua si suluhisho.

Saa nayo ina hesabu yake. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na mara 2 kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini hasa. Siku hizo, mnamo saa sita na nusu mchana mwezi Machi, au saa sita na dakika 10 mwezi Oktoba, nguzo iliyosimama wima haitupi kivuli, na ukuta uliofunika njia nzima asubuhi haufuniki kitu. Kinachosaidia wakati huo ni kilicho juu ya kichwa: tawi, paa, au roshani. Ukizipigia hesabu pembe za jua, utaona kwamba mwezi Machi kivuli cha mtu hulingana na kimo chake mnamo saa tatu na nusu asubuhi, kisha tena saa tisa na nusu alasiri. Julai saa ya asubuhi husogea hadi karibu saa nne. Ni kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukisoma mwenyewe chini: kivuli kikishakuwa kifupi kuliko yeye, safari iwe imefika penye miti.

Ukizitazama njia za mji kwa jicho hili, mpangilio wake unabadilika. Ufuo, ambao wengi huutaja kwanza, unashuka. Kutembea kwenye mchanga mkavu hula nguvu mara 2 au zaidi ya kutembea kwenye ardhi ngumu, kwa hiyo kilomita 2 za Nyali kwa hesabu ya mwili ni zaidi ya 4. Mchanga ulioshindiliwa na maji ni afadhali, lakini nyakati za bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa tayari juu. Upepo wa bahari hukausha jasho vizuri, lakini pia humfanya mtu asihisi mionzi anayoipokea. Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, ina upepo huohuo pamoja na njia ngumu ya miguu, na mibuyu yake mikongwe ni fahari ya mji. Ila mbuyu hupukutisha majani ukame unapokaza, ndio wakati kivuli kinapohitajika zaidi. Ni mahali pa jioni. Vichochoro vya Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus, vinapanda daraja: vyembamba, vyenye kuta nene za mawe ya matumbawe, na roshani zinazotokeza juu ya njia. Waliovijenga waliijua hali ya hewa yao vyema kuliko waliochora barabara pana za leo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Bamburi, katika Haller Park. Kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe, na kikaacha mashimo ya jiwe tupu jeupe, yenye maji ya chumvichumvi chini yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti. Zilizomudu zilikuwa 3, na uliotangulia mbele ya yote ni mvinje. Mizizi ya mvinje huishi pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo sababu unaweza kukua pasipo udongo. Shida ikawa majani yake kama sindano, magumu kuoza. Haller akaleta majongoo wenye miguu myekundu. Wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ulioruhusu miti mingine kuingia. Mwaka 1984 njia za hapo zilifunguliwa kwa umma. Leo watoto hutembea chini ya miti, wakitazama twiga na kobe, palipokuwa tanuri la jiwe.

Kisa hicho kinawajibu wanaosema mji hauna udongo wala maji ya kupandia miti. Hakijibu kila kitu. Haller Park hutoza kiingilio, na familia ya Kisauni yenye watoto wanne haiwezi kulipa kila Jumamosi. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba kivuli kiongezwe kwenye njia zilizo bure. Wapo wanaohofia vichaka, na hofu hiyo ni halali, lakini mwembe, mkwaju au mwarobaini uliopogolewa matawi ya chini hutoa kivuli huku ukiacha macho yaone mbali na upepo upite. Mnazi wa mapambo haufanyi hivyo. Kivuli chake ni kidogo na kinahamahama. Wengine husema sisi ni watu wa joto, tumelizoea. Mwili kweli huzoea: katika wiki 1 hadi 2 huanza kutoka jasho mapema na damu huongezeka maji. Hata hivyo jasho la aliyezoea hukauka kwa sheria ileile ya hewa, na mionzi haimuulizi mtu kwao ni wapi.

Kupima njia hizi hakuhitaji maabara kubwa. Mpira wa mezani uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa na kutiwa kipimajoto katikati hutumiwa na watafiti badala ya tufe kubwa. Wanafunzi wa sekondari wakiusimamisha saa tatu, saa sita na saa kumi Mama Ngina, Mji wa Kale na ufuoni Nyali, kwa wiki moja ya Machi na moja ya Julai, kaunti itapata ramani inayoonyesha ni mita zipi hasa za njia zinazohitaji mti.