Kituo cha Uratibu na Gharama Yake katika Utafiti wa Mazingira na Afya

Kituo cha uratibu katika utafiti wa mazingira na afya ni ofisi ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba watafiti wengi waliotawanyika wanapima kitu kilekile, kwa namna ileile, na kukiandika kwa jina lilelile. Wakati mwingine ni ofisi kadhaa zilizogawanywa baina ya vyuo vikuu. Kwa kawaida kituo chenyewe hakina wagonjwa, na aghalabu hakipimi damu wala hewa. Huandika itifaki, hufundisha wakusanyaji wa sampuli, hutunza data, huitisha vikao, hugawa fedha na kukagua zilivyotumika. Ndiyo maana ni kazi ngumu kuombewa pesa: mwisho wa mwaka kituo hakina ugunduzi wake wa kuonyesha, kina ule wa wengine ambao bila kituo usingeaminika.

Haja ya ofisi ya namna hii inatokana na kile kinachopimwa. Mwaka 2003 kazi ya kusoma jenomu ya binadamu ilitangazwa kukamilika, baada ya miaka 13 na karibu dola bilioni 3. Miaka miwili baadaye Christopher Wild, mtaalamu wa epidemiolojia ya saratani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Leeds, aliandika kwamba upande mmoja umesonga mbele mno na mwingine umeachwa nyuma. Vinasaba vinasomwa kwa usahihi mkubwa, lakini yale ambayo mwili unakutana nayo tangu tumboni mwa mama hadi kaburini (moshi, viuatilifu, risasi ya kwenye rangi, chakula, joto, kelele, msongo wa mawazo) bado yanakisiwa kwa kutumia madodoso. Jumla ya hayo yote aliipa jina la eksposomu.

Tofauti baina ya jenomu na eksposomu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na ndiyo inayoamua gharama. Jenomu ya mtu kimsingi haibadiliki. Damu kidogo inatosha, na inaweza kusomwa leo au baada ya miaka kumi. Eksposomu hubadilika saa kwa saa. Bisfenoli A, yaani BPA, inayopatikana kwenye baadhi ya plastiki na kwenye utando wa ndani wa makopo ya chakula, sehemu yake kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Risasi hukaa kwenye damu kwa majuma kadhaa, ila ikishaingia mfupani hukaa miongo. Kemikali nyingi za kundi la PFAS huendelea kuwamo mwilini kwa miaka. Kwa hiyo jibu la swali kwamba mtu fulani alikutana na nini linategemea nini kilichukuliwa kwake, damu au mkojo au unywele, na saa ngapi.

Watafiti wamebuni njia nyingi za kuukwepa ugumu huo. Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kilitengeneza bangili za silikoni ambazo mvaaji hukaa nazo siku kadhaa zikinyonya kemikali zinazomzunguka. Meno ya utotoni yaliyong'oka hukatwa na kusomwa tabaka kwa tabaka, kama pete za shina la mti, kwa kuwa hutunza kumbukumbu ya madini tangu kabla ya mtoto kuzaliwa. Setilaiti hukadiria vumbi laini juu ya mitaa isiyo na kipimo chochote ardhini. Kila njia ina makosa yake, na kila maabara ina mazoea yake. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Chembechembe za kemikali kwenye mkojo zikiwa chache kuliko zile mashine inazoweza kutambua, maabara moja huandika sifuri, nyingine huacha nafasi wazi, ya tatu huchukua kikomo cha mashine, ikakigawa kwa kipeuo cha pili cha 2 na kuandika jibu linalopatikana. Zote tatu zina hoja. Majibu yao yakimiminwa kwenye jedwali moja bila maelezo, watoto wa mji mmoja wataonekana kuwa salama kuliko wa mji wa pili, kumbe tofauti ni ya uandishi tu. Mkojo nao huwa mzito au mwepesi kulingana na maji aliyokunywa mtu. Baadhi ya watafiti hurekebisha kwa kupima kreatinini, wengine kwa kupima uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji. Kemikali moja huwa na majina kadhaa ya kisayansi na ya kibiashara, hivyo vituo hudai namba ya usajili badala ya jina: ile ya BPA ni 80-05-7 katika orodha ya CAS. Hata mrija wa plastiki wa kuhifadhia sampuli unaweza kuivujisha kemikali ileile inayotafutwa. Ndiyo maana mirija yenye maji safi husafirishwa pamoja na ya sampuli na kupimwa vilevile. Si jambo la kuvutia kulisimulia kwa mfadhili, lakini sehemu ya fedha zake hutumika kuthibitisha kwamba maji ni maji.

Nchini Marekani mfadhili mkuu wa kazi hii ni Taasisi ya Taifa ya Sayansi za Afya ya Mazingira, NIEHS, iliyoko Research Triangle Park, North Carolina, mojawapo ya taasisi na vituo 27 vya Taasisi za Taifa za Afya, NIH. Fedha za vituo vya uratibu kwa kawaida hazitolewi kwa ruzuku ya aina ile anayopewa mtafiti mmoja mwenye swali lake. Hutolewa kwa makubaliano ya ushirikiano, ambamo maofisa wa NIH wenyewe hukaa kwenye kamati za mradi na kushiriki katika maamuzi. Maombi hupitiwa kwanza na jopo la wanasayansi wa nje. Kila mjumbe hutoa alama kutoka 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora; wastani huzidishwa kwa 10, hivyo ombi zuri kupita yote hupata 10 na baya kabisa 90. Kisha huja baraza la ushauri la taasisi, na uamuzi wa mwisho ni wa mkurugenzi.

Ukisomwa mchanganuo wa bajeti ya kituo cha namna hii, kinachojitokeza ni mishahara: wanatakwimu, waandishi wa programu, wasimamizi wa data, maofisa wa mikataba, watu wa kufundisha na kukagua. Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri na gharama za kompyuta hufuata. Yako pia malipo ya vyuo shiriki, yanayopitia kituoni kama mikataba midogo, na mara nyingine fungu ambalo kwa makusudi halijapangiwa kazi, ili swali jipya likizuka katikati ya mradi lisisubiri miaka mitano. Juu ya yote huwekwa gharama za jumla za chuo (umeme, majengo, uhasibu) kwa asilimia ambayo kila chuo hukubaliana na serikali. Februari 2025 NIH ilitangaza kuishusha asilimia hiyo hadi 15 kwa vyuo vyote. Vyuo na majimbo yakaenda mahakamani, na mahakama ikazuia.

Mfano unaofundisha zaidi kuhusu fedha hizi ni ule ulioshindwa. Sheria ya Afya ya Watoto ya mwaka 2000 iliagiza utafiti wa kitaifa ambao ungefuatilia watoto 100,000 wa Marekani tangu kabla ya kuzaliwa hadi umri wa miaka 21. Maeneo 105 yalichaguliwa kitakwimu ili yawakilishe nchi nzima. Mpango wa mwanzo ulikuwa wadadisi wapite nyumba kwa nyumba kutafuta wanawake wajawazito na wanaotarajia kushika mimba, wachukue damu, mkojo, vumbi la sakafuni, maji ya bombani. Bunge lilitoa pesa mwaka baada ya mwaka. Hatua ya majaribio ilianza kuandikisha watu mwaka 2009, na mara ikabainika jambo ambalo karani yeyote wa sensa angelisema mapema: nyumba za kugongwa mlango ni nyingi sana, na wajawazito ndani yake ni wachache. Mbinu ya kuandikisha ikabadilishwa, kisha ikabadilishwa tena. Makadirio ya gharama yalipanda. Wakati huohuo hapakuwa na mwafaka wa kudumu kuhusu maswali ambayo sampuli hizo zingejibu.

Katikati ya mwaka 2014 jopo la Akademia za Taifa za Sayansi lilikosoa usanifu na usimamizi wa utafiti huo, na Desemba ya mwaka huo mkurugenzi wa NIH, Francis Collins, akaufunga. Ulikuwa umekwisha kutumia zaidi ya dola bilioni 1.2, na watoto walioandikishwa ni wapatao 5,000. Haitoshi kusema kwamba mradi ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Fedha ilikuwapo, na ofisi ya kuuendesha ilikuwapo. Kilichokosekana ni chombo cha kisayansi chenye kauli ya mwisho juu ya nini kipimwe, kwa nani, na kwa sababu gani, kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa.

Kilichofuata kilijengwa kwa mantiki iliyogeuzwa. Mwaka 2015 NIEHS ilianzisha mtandao wa maabara uitwao CHEAR, ambao mtafiti aliyekwisha kuwa na sampuli za watoto angeweza kuutumia kupimiwa kemikali bila kutoa malipo, kwa sharti la kukubali taratibu za mtandao na kuiweka data yake mahali ambapo wengine wataitumia. Mwaka 2019 ulipanuliwa kuhudumia watu wa umri wote na kuitwa HHEAR. Mwaka 2016 NIH ilizindua mpango wa ECHO kwa dola milioni 157 za mwaka wa kwanza. Badala ya kugonga milango mipya, ECHO iliunganisha makundi ya watoto ambayo vyuo mbalimbali vilikuwa tayari vikiyafuatilia, jumla yao ikiwa zaidi ya watoto 50,000. Kituo cha uratibu kiliwekwa Chuo Kikuu cha Duke, na kile cha uchambuzi wa data Johns Hopkins.

Njia hiyo ya kuunganisha ni nafuu, lakini si bure. Utafiti mmoja ulimuuliza mama kama anavuta sigara, mwingine ulimuuliza ni sigara ngapi kwa siku. Ili majibu yakae pamoja, lile lenye maelezo mengi hupunguzwa hadi kuwa ndiyo au hapana. Hakuna fomula inayorudisha kilichopotea. Kwa hiyo ECHO ilibidi iandike itifaki moja kwa data zote za mbele, na kuwalipa watu wa kupanga upya data za nyuma, kipengele kimoja baada ya kingine.

Ulaya nayo ilishika njia inayofanana. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliunda mtandao wa miradi tisa ya eksposomu kwa euro milioni 106, na Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, kinaongoza juhudi za kujenga miundombinu ya kudumu iitwayo EIRENE. Marekani ilifuata mwaka 2024 kwa kufadhili NEXUS, kituo cha kuratibu utafiti wa eksposomu kinachowahusisha watafiti wa Columbia, Harvard na Chuo Kikuu cha Southern California.

Thamani ya uratibu huonekana wazi zaidi pale utafiti usipopata ulichokitumaini. HAPIN ni jaribio lililofadhiliwa na NIH pamoja na Taasisi ya Bill & Melinda Gates katika nchi nne: Guatemala, India, Peru na Rwanda. Wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa kwa kura. Nusu wakapewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18, nusu wakaendelea na kuni na nishati nyingine walizozizoea. Data zote ziliratibiwa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Vumbi laini walilovuta wanawake wa kundi la gesi lilishuka hadi mikrogramu 24 kwa mita moja ya ujazo, likilinganishwa na 70.7 kwa wenzao. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa ulikuwa wastani wa gramu 2,921 kwa kundi la gesi na 2,898 kwa kundi lingine, tofauti isiyotosha kudai kuwa gesi ndiyo sababu. Kama kila nchi ingepima kwa vifaa na ratiba zake, matokeo hayo yangetupwa kwa urahisi kwa kusemwa kwamba vipimo vilikuwa vibovu. Kwa kuwa vilifanana, wataalamu walilazimika kujadili jibu lenyewe: pengine gesi ilikuja mimba ikiwa imeshakua, pengine moshi si chanzo kikuu cha uzito mdogo katika jamii hizo.

Afrika Mashariki imo pia katika mtandao wa GEOHealth, uliofadhiliwa kupitia kituo cha Fogarty cha NIH, ambao umeunganisha watafiti wa Ethiopia, Kenya, Rwanda na Uganda na wenzao wa Southern California katika kuchunguza uchafuzi wa hewa. Malipo katika ushirikiano wa namna hii kwa kawaida yalipitia mikataba midogo, na utaratibu huo umetikiswa. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya wala kuhuisha za zamani zenye mikataba midogo na taasisi za nje ya Marekani, hadi uwekwe mfumo mwingine ambao fedha hizo zitafuatiliwa moja kwa moja. Chini ya mfumo huo, chuo cha Kigali au Kampala hupokea ruzuku yake chenyewe, iliyofungamanishwa na ile kuu. Kwa chuo, hilo lina maana ya usajili wake katika mfumo wa serikali ya Marekani, mhasibu anayezijua kanuni zake, na ripoti zinazotumwa NIH bila kupitia mikononi mwa mwingine. Kituo cha uratibu hubaki na itifaki, mafunzo na data. Mamlaka ya kusimamisha malipo ya mshirika asiyefuata itifaki huhamia kwa mfadhili.