Pacha wa Kioo: Maabara Ndogo Inunue Nini?
Jani bichi la miraa lina kathinoni, kemikali yake ya kuchangamsha, ya upande mmoja tu. Unga wa mefedroni na kathinoni nyingine za kutengenezwa kwa kawaida huwa na pande zote mbili, nusu kwa nusu. Fomula ya pande hizo mbili ni ileile na uzito ni uleule, ila molekuli zimepishana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Vipimo vya kawaida havioni tofauti hiyo, na hapo ndipo mtu huweza kuonewa. Kwa mfano, Marekani kuna dawa ya kunusa ya kuzibua pua, inauzwa dukani bila cheti cha daktari, na ndani yake mna methamfetamini ya kushoto. Aliyeinusa akipimwa mkojo, anaweza kudhaniwa ametumia ile ya kulia, ya mitaani.

Kwa hiyo pacha hawa lazima watenganishwe. Kikundi cha Martin Schmid, Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria, kimezijaribu njia kuu tatu kwa kathinoni, na zote zinafanya kazi. Kinachotofautiana ni mfuko.

Mwenye mashine ya kromatografia ya gesi tayari hahitaji kununua mashine nyingine. Atanunua kitendanishi cha kuigandisha kila molekuli na mwenzake wa mkono mmoja, kisha kolamu yake ya zamani itawaachanisha. Njia hii ni rahisi, lakini ina mtego. Kitendanishi ambacho asilimia 96 tu ni ya mkono unaotakiwa kitaonyesha asilimia 4 ya pacha ambaye hayumo kabisa kwenye sampuli. Mahakamani asilimia 4 si kitu kidogo.

Kromatografia ya kimiminika hutumia kolamu iliyopakwa wanga au selulosi iliyobadilishwa. Kolamu moja ya sentimita 25 kwa kawaida hupita dola 1,000, na bado hujaanza kulipa. Kwa mililita 1 kwa dakika na nusu saa kwa kila sampuli, sampuli 20 hunywa mililita 600 za heksani na alkoholi, na taka hiyo hugharimu kuiondoa. Tena asetoni kidogo ikipenya kimakosa, kolamu ya kupakwa imekwisha. Ile iliyounganishwa kikemia huvumilia zaidi, na bei yake iko juu.

Mimi ningeanza na elektroforesi ya kapilari. Ndani yake mna uzi wa kioo wenye tundu la mikromita 50 hivi, jembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Kinachotenganisha ni saiklodekstrini, pete ya sukari itokanayo na wanga, iliyoyeyushwa kwenye bafa. Siku nzima hutumia mililita chache tu, na aina moja ikishindwa unabadilisha kichupa, si kolamu. Udhaifu wake ni kwamba huingiza nanolita tu za sampuli, hivyo kwa damu yenye dawa kidogo mno haitatosha. Kwa unga uliokamatwa inatosha vizuri.

Njia yoyote utakayochagua, usiache kathinoni ilale kwenye mmumunyo wa besi: pacha mmoja hugeuka polepole kuwa mwingine, na kesho utapima kitu ambacho hukuletewa. Na kabla ya kulipa, mtake muuzaji aendeshe mefedroni ya nusu kwa nusu mbele yako. Tazama grafu: kati ya vilele viwili mstari ushuke mpaka chini. Vikishikana mabega, rudi na fedha zako.