Majina ya Wanande na Upimaji wa Programu za Seva

Programu ya seva hutekelezwa katika kompyuta inayohifadhi tovuti. Mtumiaji huona tu ukurasa unaotokana nayo. Hivyo kasoro yake yaweza kujificha nyuma ya ukurasa unaoonekana kuwa sahihi. Hali ya Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, yadhihirisha jambo hili.

Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: kwa kawaida Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kwa hiyo jina moja huwa la watu wengi mno. Programu inayomtambua mtu kwa jina hilo peke yake itaunganisha kumbukumbu za watu wawili pasipo kutoa onyo. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ambapo waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, kosa la namna hiyo lingeweza kumwacha mtu bila uangalizi.

Tarehe nazo zina mtego wake. Butembo imetangulia Kinshasa kwa saa moja. Kumbukumbu iliyoandikwa Butembo saa sita na nusu usiku, ikihesabiwa kwa saa za Kinshasa, huwa ya siku iliyopita.

Makosa haya hayaandikwi katika daftari la makosa la seva, kwani programu haikukwama. Yampasa mpimaji achague data ya mahali, yaani akina Kambale wawili na saa za usiku wa manane, aandike mapema jibu analolitarajia, kisha alilinganishe na jibu la programu. Baada ya kila rekebisho, jaribio lile lile lirudiwe.