Benzi la zamani likigoma Mpondwe: pima kwanza, spea baadaye

KASESE – Kutoka Kasese mjini hadi mpaka wa Mpondwe ni zaidi ya kilomita 50, na kwa mfanyabiashara aliye ndani ya Mercedes-Benz ya miaka ya tisini, safari hiyo ni raha tupu. Raha huisha siku gari linapozimika Bwera, taa zote za dashibodi zikiwaka kwa mpigo, ilhali mteja anasubiri mzigo ng'ambo, Kasindi.

Magari haya yameshuka bei, lakini heshima yake haijashuka. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo mengi ya zamani yaliyopo barabarani yaliingia kabla ya hapo na yamepita mikono mingi. Kila mnunuzi hurithi waya zilizokatwa na kuungwa na watu asiowajua.

Mara nyingi kinachokula mtaji ni kubahatisha. Leo inabadilishwa alteneta, kesho betri, keshokutwa kompyuta ya injini, na gari bado linagoma. Mita ndogo ya kupimia umeme huokoa fedha hizo.

Kazi ianze kwenye betri. Gari likilala usiku kucha bila kuwashwa, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu tu. Injini ikiwashwa, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, ikaguliwe alteneta, mkanda wake na waya zake. Kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili "kujaribu alteneta" ni desturi mbaya: volti huweza kuruka ghafla na kuua kompyuta za gari.

Hatua ya pili ni ethi, yaani waya nene zinazounganisha upande hasi wa betri na bodi pamoja na injini. Kutu ikiingia hapo, taa hufifia, geji hucheza na stata huzunguka kwa uvivu. Ncha moja ya mita iwekwe kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Kipimo kikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Mara nyingi tiba yake ni spana na msasa.

Kama betri hufa usiku, kuna kifaa kinachokunywa umeme gari likiwa limezimwa. Kichwa hasi cha betri kifunguliwe na mita, ikiwa kwenye kipimo cha ampea, iunganishwe kati yake na waya. Kompyuta za gari zipewe kama nusu saa zilale. Baada ya hapo mkondo usizidi ampea 0.05. Ukizidi, fyuzi zichomolewe moja moja. Ile itakayoshusha kipimo ndiyo inayoonyesha njia yenye hitilafu. Stata isipigwe mita ikiwa hapo, kwani itaungua.

Fyuzi inayokatika kila mara inatoa onyo kwamba kuna shoti. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 10, au kufunga kipande cha waya, ni kuhamishia moto kwenye waya zilizojificha ndani ya gari.

Benzi nyingi zilizotengenezwa kati ya 1992 na 1995, zikiwemo E 220, E 280 na E 320, zina ugonjwa wake. Ganda la waya za injini lilitengenezwa kwa malighafi isiyovumilia joto kwa miaka mingi. Hukauka, hupasuka na kupukutika, waya zikabaki uchi na kugusana. Injini hutetemeka, hukosa nguvu au huzimika ikipata joto. Kubadilisha sensa hakusaidii. Fungu zima la waya hubadilishwa au kusukwa upya.

Mnunuzi, basi, afungue boneti kabla ya kusifia viti vya ngozi. Akunje taratibu waya moja karibu na injini: ganda likivunjika kama bisikuti, gharama ya fungu jipya ikatwe kwenye bei, au gari liachwe. Anyanyue pia zulia. Mto Nyamwamba ulifurika Kilembe na Kasese mwaka 2013 na tena 2020, na gari lililowahi kuingia maji huweza kuoshwa likang'aa huku soketi za waya zikiendelea kuliwa na kutu. Tope lililokauka chini ya zulia litasema yale ambayo muuzaji hakuyasema.