Kovu Lisiloonekana Kwenye Picha

Bomu lililotegwa barabarani linalipuka hatua chache mbele ya gari la deraya. Askari aliyemo ndani hakuguswa na chuma, hakuvunjika mfupa, hakutoka damu. Masikio yanalia, kichwa kinazunguka siku mbili tatu, kisha anarudi kwenye lindo. Miezi inapita. Akiwa nyumbani usiku hapati usingizi, mchana anasahau alikoweka funguo, na mtoto akiangusha sufuria jikoni anaruka na kuanza kufoka. Anapigwa picha ya ubongo, kwanza CT scan, baadaye MRI, na majibu ni yaleyale: hakuna kitu. Mtaani watu wana majibu yao. Anavuta bangi. Amerogwa. Jeshi limemshinda.

Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wamebishana kuhusu mtu huyu: ameumia mwili, au ameumia akili? Mwaka 2016 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Daniel Perl, mtaalamu wa patholojia ya ubongo katika chuo cha tiba cha majeshi ya Marekani kilichopo Bethesda, Maryland, kilichapisha matokeo yaliyoupa ubishi huo sura mpya. Walichunguza bongo za wanajeshi 8 waliokuwa wamefariki. Watano waliwahi kupigwa na milipuko na wakaishi muda mrefu baadaye, na watatu walifariki muda mfupi tu baada ya mlipuko. Kwa kulinganisha, walichunguza pia bongo za raia, wakiwamo waliowahi kuumia kichwa kwa kugongwa au kuanguka.

Chini ya hadubini, kwa rangi maalumu inayozionyesha seli ziitwazo astrositi, bongo za wanajeshi zilikuwa na makovu ambayo hayakuonekana kwenye zile za raia. Astrositi ndizo zinazozilisha na kuzihudumia seli za neva, na sehemu ya ubongo inapoumia hukusanyika na kuweka kovu. Makovu yenyewe hayakutapakaa ovyo. Yalijipanga mahali maalumu: kwenye mpaka wa sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo, chini ya utando unaoufunika ubongo, kandokando ya mishipa ya damu, na kwenye kingo za vyumba vyenye ugiligili katikati ya ubongo. Kwa wale watatu waliofariki mapema, kovu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, lakini mahali palepale.

Mpangilio huo ndio unaonifanya niuone utafiti huu kuwa wa uzito mkubwa kuliko idadi yake ndogo ya bongo. Baruti inapolipuka, hewa iliyobanwa husukumwa nje kwa mwendo unaozidi ule wa sauti. Wimbi hilo la shinikizo humfikia mtu kabla ya upepo unaomrusha, likapita ndani ya fuvu na kutoka upande wa pili kwa muda usiofikia kufumba na kufumbua. Kofia ya chuma hulizuia kidogo mno, kwa kuwa ilitengenezwa kukinga vipande na risasi. Likiwa ndani ya ubongo, wimbi hukutana na vitu vyenye uzito tofauti: nyama ya ubongo, damu, maji. Kila kimoja hutikisika kwa namna yake, na madhara huwa makubwa pale viwili vinapopakana, kama vile ukuta ukitikiswa ufa unavyoanzia pale tofali linapokutana na lipu. Perl na wenzake waliyakuta makovu kwenye mipaka ileile ambayo elimu ya fizikia ingeitabiri. Makovu hayo ni madogo mno kuonekana kwenye picha za kawaida za hospitali. Ndiyo maana mtu anaweza kupewa majibu ya ubongo mzima huku akiwa amebeba jeraha.

Bongo 8 hazitoshi kumaliza ubishi, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Wote watano walioishi muda mrefu baada ya milipuko walikuwa wamepimwa wakiwa hai na kuonekana na msongo wa baada ya kiwewe, ule ugonjwa unaomrudishia mtu tukio la kutisha kwa ndoto, kwa kumbukumbu zinazovamia bila hodi na kwa mwili usiotulia. Lakini watu haohao walikuwa wameona vita kwa macho yao. Je, ndoto mbaya zilitoka kwenye kovu, au kwenye yale waliyoyaona? Kwa mtu aliyelipukiwa na bomu lililomuua rafiki yake aliyeketi ubavuni, sidhani kama swali hilo linaweza kugawanywa vipande viwili.

Ubishi huu ulianza hadharani Februari 1915. Charles Myers, mwanasaikolojia wa Cambridge aliyekuwa akihudumia majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia huko Ufaransa, aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari watatu. Mmoja alinaswa kwenye waya wa miiba huku makombora yakipasuka kumzunguka. Mwingine handaki lilimwangukia likamfukia kwa saa kadhaa. Wa tatu alirushwa kutoka juu ya ukuta. Wote hawakuwa na jeraha kubwa la nje, lakini walipungukiwa na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja, na kumbukumbu zao zikavurugika. Jina lililokuwa likitumika kwa hali hiyo, mshtuko wa mabomu, likaenea kote kupitia makala yake. Mwanzoni wengi waliamini ni ubongo uliotikiswa na mlipuko. Frederick Mott, mtaalamu wa ubongo mjini London, alichunguza bongo za askari waliokufa bila jeraha la nje akakuta damu imevuja kwenye vijishipa vidogo sana. Kisha wakaanza kuletwa askari wenye dalili zilezile ambao hawakuwahi kukaribia kombora lolote. Myers mwenyewe akalichoka jina alilolitangaza. Mwaka 1922 kamati ya serikali ya Uingereza chini ya Lord Southborough ikapendekeza lisitumike tena, na kwa miaka mingi mizani ikaelemea upande mmoja: ni akili, na mara nyingi ilimaanishwa ni udhaifu wa tabia.

Shutuma hiyo ya udhaifu ilikuwa tayari imewagharimu watu maisha wakati wa vita. Askari Harry Farr wa Uingereza alilazwa hospitali miezi mitano mwaka 1915 kwa mshtuko wa mabomu, kisha akarudishwa mstari wa mbele. Mwaka uliofuata alikataa kusonga mbele, akisema hawezi kuvumilia. Mahakama ya kijeshi ilimsikiliza kwa takriban dakika 20. Alipigwa risasi alfajiri ya Oktoba 18, 1916, kwa kosa la woga. Binti yake alikuwa bibi wa miaka 93 Uingereza ilipotoa msamaha mwaka 2006 kwa askari 306 waliouawa na jeshi lao wenyewe kwa makosa ya aina hiyo.

Mwaka huohuo wa 1916 vita hivyohivyo vilikuwa vikipiganwa hapa kwetu, kuanzia Taita na Kilimanjaro hadi Rufiji. Kile kikosi cha wapagazi kilichoachia Kariakoo jina lake kilibeba risasi na chakula cha jeshi la Waingereza kwa mabega na vichwa. Zaidi ya wapagazi 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi: malaria, homa ya mapafu, kuhara damu. Unga wa mahindi uliopikwa harakaharaka kwa uhaba wa kuni uliharibu matumbo ya watu waliozoea ndizi au wali. Walioponea chupuchupu walirudi vijijini, na hakuna Myers aliyewauliza wanaota nini usiku. Karibu elimu yote ya mshtuko wa mabomu iliandikwa juu ya askari wa Ulaya, na pengo hilo halijazibwa hadi leo.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyolirudisha suala hili mezani. Askari waliorejea Marekani walipiga kelele hadi mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kikauingiza msongo wa baada ya kiwewe katika orodha rasmi ya magonjwa. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofuata ulikuta kwamba, zaidi ya miaka 10 baada ya vita, wanaume 15 katika kila 100 waliotumikia huko walikuwa bado wanaugua. Mwaka 2006 wanasayansi wengine walizipitia upya takwimu hizo kwa vigezo vikali zaidi, wakalinganisha na kumbukumbu za kijeshi, na idadi ikashuka hadi 9. Kuna walioshangilia, wakisema jambo lilikuzwa. Mimi naona kinyume: hata anayepima kwa mkono mzito anamkuta karibu mtu mmoja kati ya 11 akiwa bado vitani.

Nchini Uingereza, watafiti wa King's College London wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wanajeshi tangu vita vya Iraq vya 2003. Katika ripoti yao ya 2018, msongo huo ulikuwa kwa takriban watu 6 katika kila 100. Lakini kwa waliowahi kupelekwa Iraq au Afghanistan kama wapiganaji na sasa wameacha jeshi, ni 17. Bila shaka wengine wameacha jeshi kwa sababu tayari ni wagonjwa. Hata hivyo idadi hiyo inatuambia wagonjwa wako wapi: wamevua gwanda, hawana afande wa kuwaangalia wala wenzao wa kikosi, na wanahesabiwa kuwa raia wa kawaida.

Kambini nako mdomo ni mzito. Mwaka 2004 Charles Hoge, daktari wa jeshi la Marekani, alichapisha na wenzake utafiti wa askari waliotumikia Iraq na Afghanistan. Kati ya walioonyesha dalili za ugonjwa wa akili, ni 23 hadi 40 tu katika kila 100 waliotafuta msaada, na waliouhitaji zaidi ndio waliohofia zaidi kuonekana dhaifu na kupoteza imani ya makamanda wao. Anayelijua neno "jikaze" linavyotumika kwenye vikosi vyetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, tiba ipo? Ipo, na sehemu ya ushahidi wake imetoka jirani kabisa. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, Thomas Elbert na Maggie Schauer wakiwamo, waliunda tiba ya kusimulia ambayo mgonjwa huanza kwa kutandaza kamba sakafuni. Kamba ni maisha yake tangu kuzaliwa. Pale palipokuwa na furaha anaweka ua, palipokuwa na msiba au hofu anaweka jiwe. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kila jiwe kwa mpangilio: ilikuwa saa ngapi, harufu gani, mwili ulihisi nini, ikafuata nini. Kumbukumbu ya kiwewe huwa vipande vinavyoelea, na mwili huviona kama mambo ya sasa hivi. Kusimulia kwa utulivu mbele ya anayesikiliza huvirudisha mahali na siku yake, na hofu hupungua nguvu.

Mjini Goma, mashariki mwa Congo, tiba hii ilijaribiwa kwa wapiganaji wa zamani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kwao kiliongezwa kitu cha tatu: vijiti, kwa ajili ya ukatili walioufanya wenyewe. Nyongeza hiyo naiona ya kijasiri. Watafiti haohao walikuwa wamewakuta wapiganaji waliokiri kwamba mapigano yaliwapa msisimko hata wakayatamani, na mtu wa namna hiyo hawezi kupona kwa kuhurumiwa tu kama mhanga. Dalili za msongo zilipungua kwa waliotibiwa. Baadaye washauri wenyeji walifundishwa kuitoa tiba hiyo wao wenyewe, jambo lenye maana kubwa kwa nchi zisizo na madaktari wa akili wa kutosha.

Dawa zimesuasua zaidi. Prazosini, dawa ya presha iliyotumainiwa kuzuia ndoto mbaya, ilijaribiwa Marekani kwa wanajeshi wa zamani 304. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba haikufanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa.

Kwa wimbi la mlipuko, kinga bado ndiyo njia ya uhakika. Hapa ndipo utafiti umewashtua makamanda wengi, maana hatari haimngojei adui. Mwalimu wa mizinga anayesimama kando ya silaha ikifyatuliwa mara kadhaa kwa siku, mwaka hadi mwaka, naye hupitiwa na mawimbi, madogo lakini mengi. Agosti 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa maelekezo yenye kiwango cha shinikizo ambacho kikifikiwa ni lazima tahadhari zichukuliwe: askari wasogee mbali, wapunguzwe idadi. Vilevile iliagiza wanaoingia jeshini wapimwe kumbukumbu na wepesi wa kufikiri tangu mwanzo. Bila kipimo cha kwanza, daktari hana cha kulinganisha askari anaporudi na kusema, sikuwa hivi.

Watanzania wamelinda amani Darfur, Lebanon na Congo. Desemba 7, 2017, katika kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, waliuawa wasiopungua 14 na makumi wakajeruhiwa. Wakenya, Waganda na Warundi wametumikia miaka mingi Somalia, ambako bomu la kutegwa barabarani ni silaha ya kila siku. Wengi wao sasa wako mitaani kwetu, wana maduka, wanaendesha bodaboda, wanalima. Nayaomba majeshi yetu mambo yasiyohitaji mitambo ya gharama: mpimeni kila askari kabla ya kuondoka na anaporudi, andikeni kila mlipuko uliompitia karibu, umbali wake na tarehe, na faili hilo limfuate hata baada ya kustaafu. Nanyi mlio na baba, mume, dada au kaka aliyerudi akiwa si yuleyule, mpelekeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, na mwelezeni daktari kuhusu milipuko hata kama hakuna anayeuliza. Akianza kusema hataki kuishi, msimwache peke yake, ondoeni silaha karibu naye, mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.