Vitabu vya Vipuri vya Magari na Historia ya Istilahi za Gereji

1. Utangulizi

Kitabu cha vipuri ni orodha ambayo kampuni ya kutengeneza magari huwatolea mawakala wake ili waweze kuagiza na kuuza vifaa. Humo kila kifaa, tangu bloku ya injini hadi nati ndogo kabisa, kimepewa mchoro, namba na jina. Wakusanyaji huvithamini vitabu vya zamani vya namna hii kwa sababu gari la kale haliwezi kufufuliwa bila ya namba iliyo sahihi. Nchini Kenya haja hiyo imezidishwa na mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitabu hivyo vina faida nyingine, nayo ni ya kiisimu: ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyopata istilahi za gari. Ushahidi huo unapotea kila siku, na kamusi haiwezi kuurudisha.

2. Lugha katika gereji: mfano wa Sironga

Sironga ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya Wagusii, ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kisii. Ni nchi ya chai na ndizi. Jani la chai likishachumwa halisubiri. Hupasa lifike kiwandani upesi kabla halijaharibika. Lori likikwama njiani, kifaa kinachotakiwa lazima kitajwe kwa haraka na kwa usahihi. Jina likieleweka visivyo na kifaa kisichofaa kikaletwa kutoka mjini, hasara humwangukia mkulima.

Lugha ya nyumbani hapa ni Ekegusii. Lakini barabara za nchi hii zinapakana na Wakipsigisi upande mmoja na Wajaluo upande mwingine, na dereva anayeingia gereji hawezi kudhaniwa kuwa ni Mgusii. Kwa hiyo Kiswahili huwa kiungo baina ya fundi na mteja, na mara nyingi istilahi za gari hupita katika Kiswahili kabla ya kuingia katika lugha ya nyumbani. Ekegusii kina neno egari, wingi wake chigari. Shina ni lile lile la Kiswahili, ambalo asili yake ni Kihindi. Kadhalika pesa imekuwa chibesa, kwa kuwa Ekegusii hakina sauti p ya asili. Maneno kama pistoni, plagi na pampu yanazusha basi swali la haki: je, msemaji huibadili sauti hiyo, au huiingiza sauti ngeni katika lugha yake? Swali hilo halijibiki ikiwa kwanza haijulikani neno lenyewe lilifika kwa njia ipi.

3. Jina hufuata kitabu, si kiwanda

Katika Kiswahili cha Kenya na Tanzania majina mengi ya sehemu za gari yametoka katika Kiingereza: injini, breki, klachi, gia, kabureta, rejeta, silinda, gasketi. Jambo hili lajulikana sana. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Kiingereza hicho ni cha Uingereza. Kiswahili kina boneti, buti, spana, petroli na lori. Mmarekani husema maneno mengine kabisa kwa vitu vyote hivyo vitano.

Yaweza kudhaniwa kwamba sababu ni magari ya Kiingereza yenyewe, kama vile Land Rover, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Dhana hiyo haitoshi. Peugeot 404, iliyotokea mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ni gari la Kifaransa. Volkswagen ni la Kijerumani. Hata hivyo fundi wa Kisii au Nyamira anapolifungua lolote kati ya hayo hutaja boneti na klachi vile vile. Kiwanda kilikuwa Ufaransa au Ujerumani, lakini kitabu kilichokuwa juu ya meza ya wakala wa Nairobi, na mazungumzo yaliyofanyika mbele ya meza hiyo, yalikuwa ya Kiingereza.

Kongo yatupa ushahidi wa upande wa pili. Katika Kiswahili cha huko, ambako utawala na biashara viliendeshwa kwa Kifaransa, dereva ni shofere na lori ni kamyo. Chombo ni kimoja, meza ya kuuzia ni mbali mbali.

Mkopo haukuwa njia pekee. Uchunguzi wa Keith Basso, uliochapishwa mwaka 1967, ulionyesha kwamba Waapache wa Magharibi huko Marekani waliyapa magari majina ya viungo vya mwili: taa ni macho, betri ni ini, rejeta ni pafu. Kiswahili nacho kilitumia mali yake mahali ambapo nyumba na chombo cha baharini vilikuwa na kitu kinachofanana: mlango, kioo, kiti, taa, na usukani uliotoka katika jahazi. Lakini vifaa vingi vilivyofichika, ambavyo abiria havioni, vilipokewa pamoja na majina yake ya kitabuni.

4. Mchoro kama fasili

Mwandishi wa kamusi anapofasili bushi au springi hupata shida, kwa maana neno moja hubeba vitu vingi. Springi yaweza kuwa mapande ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine, au waya mnene uliozungushwa. Plagi ya gereji si plagi ya ukutani. Stelingi na usukani havilingani daima: usukani ni ule mduara ulio mkononi mwa dereva, na stelingi yaweza kuwa mfumo mzima hadi kwenye magurudumu. Kitabu cha vipuri huvitenganisha vyote hivi kwa michoro inayoonyesha vifaa vikiwa vimeachanishwa, kila kimoja mahali pake.

Tena kitabu kina mpango wake wa kuainisha, ambao kwa namna fulani wakumbusha ngeli. Katika namba za Volkswagen, tarakimu ya kwanza ya kundi la pili huonyesha jamii ya kifaa: 1 ni injini, 6 ni magurudumu na breki, 8 ni bodi, 9 ni umeme. Klachi imewekwa katika kundi la injini. Kama fundi naye huiweka huko au huiweka pamoja na gia, hilo ni jambo la kuulizwa, na mchoro ndio chombo chepesi cha kuulizia.

5. Tarehe za maneno

Matoleo ya vitabu hufuata matoleo ya magari. Land Rover za aina ya kwanza zilitengenezwa hadi 1958, za pili na nyongeza yake hadi 1971, na za tatu tangu mwaka huo hadi 1985. Kwa hiyo kifaa kikionekana katika toleo moja na kukosekana katika linalofuata, mtafiti hupata mpaka wa wakati ambao neno lake lilikuwa na kazi. Kabureta ni mfano ulio wazi. Magari mapya hayana kifaa hicho, na tangu miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yamejaa barabarani. Fundi kijana aweza kulijua neno bila ya kukiona kitu. Siku moja litabaki neno tupu, na ni mchoro tu utakaoonyesha lilihusu nini.

6. Namna ya kukusanya

Mawakala walipopokea toleo jipya hawakuwa na haja na la zamani. Baadaye karatasi zilifuatwa na mikrofishi, kisha kompyuta. Nakala zilizosalia hupatikana katika maduka ya vipuri na gereji kongwe, zikiwa zimeingia grisi na kukosa jalada. Mkusanyaji wa lugha asizisafishe. Mhuri wa wakala huonyesha njia ambayo kitabu kilipitia hadi kikafika mikononi mwa fundi. Maneno yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni mwa namba, yawe ya Kiswahili au ya Ekegusii, yana thamani kuliko ukurasa wenyewe, kwani hapo ndipo jina la kiwanda na jina la gereji hukutana. Pamoja na kila kitabu yafaa kurekodiwa sauti ya fundi akitaja vifaa huku akitazama mchoro.

7. Hitimisho

Kitabu cha vipuri hakisemi watu walisema nini. Husema tu waliwekewa nini mbele yao. Kikitumiwa peke yake kitapotosha. Lakini fundi mzee akiulizwa bila ya kitabu, atataja maneno ambayo mtafiti hataweza kuyaambatanisha na vitu. Vyote viwili vinahitajiana, na vyote viwili vinazeeka. Idara za lugha zinazotuma wanafunzi vijijini kukusanya methali na hadithi zingefanya vyema kuwaagiza wapite gerejini pia.